Probiotiki kwenye chakula: maswali ninayoulizwa mara kwa mara kuhusu usalama

Nafanya kazi maabara ya chakula. Wanaonipigia simu ni wasindikaji wadogo wa maziwa, wanafunzi wa lishe, akina mama wenye watoto wachanga, na mara mojamoja mhudumu wa zahanati aliyeletewa pakiti asiyoielewa. Maswali ni yaleyale, ila majibu hayalingani urefu: mengine yanaisha kwa sentensi moja, mengine yananila mchana mzima. Nimeyaandika hapa ili nikiulizwa tena nitume kiungo tu.

Probiotiki ni nini? Kwani maziwa mgando si probiotiki?

Mwaka 2001 wataalamu walioitwa na FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, walikutana Córdoba, Argentina, wakakubaliana kwamba probiotiki ni vijidudu hai ambavyo vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha humpa mtumiaji faida ya kiafya. Kwa hiyo mtindi, mala, maziwa mgando na togwa vina bakteria hai kweli, lakini kuviita probiotiki kunadai zaidi ya hapo. Ni lazima ujue ni bakteria yupi hasa, yuko kwa kiasi gani, na ameonyesha faida gani kwa watu waliofuatiliwa.

Angalia kitu kimoja kwenye maelezo yale ya Córdoba: neno "salama" halimo. Mwaka uliofuata kikundi kingine kilikaa London, ile ya Ontario nchini Kanada, kikaandika mwongozo wa namna ya kuwapima bakteria hawa kabla hawajaingia kwenye chakula. Karibu kila kinachofanyika leo maabara kina mizizi kwenye mwongozo huo wa 2002.

Kwa nini kila mara unaniuliza "nasaba gani"? Si ni Lactobacillus tu?

Muhogo mtamu unautafuna mbichi shambani. Muhogo mchungu usipolowekwa na kuanikwa sawasawa unaua mtu. Ukimuuliza mtaalamu wa mimea atakuambia yote miwili ni spishi moja, *Manihot esculenta*. Bakteria nao wako hivyohivyo. *Escherichia coli* iitwayo Nissle 1917 inauzwa Ujerumani kama dawa ya tumbo. *Escherichia coli* O157:H7 inaharibu figo za watoto. Jina la spishi ni lilelile.

Hapa nitaliita tabaka lililo chini ya spishi nasaba: kizazi kimoja cha bakteria chenye jina lake, mara nyingi herufi na namba mwishoni. Katika *Lacticaseibacillus rhamnosus* GG, hizo GG ndizo nasaba. Pakiti iliyoandikwa "Lactobacillus" basi, bila spishi wala nasaba, haiwezi kutathminiwa na mtu yeyote, hata awe na maabara ya kifahari.

Na msichanganyikiwe na majina mapya. Mwaka 2020 jenasi ya Lactobacillus, yaani kundi linalobeba spishi nyingi, iligawanywa ikawa 25, kwa hiyo *Lactobacillus rhamnosus* wa zamani sasa ni *Lacticaseibacillus rhamnosus*, na *Lactobacillus plantarum* ni *Lactiplantibacillus plantarum*. Bakteria hajabadilika, kabadilishiwa jina. Pakiti nyingi madukani bado zinatumia la zamani, na hilo peke yake si kosa la kutisha.

Tathmini ya usalama inafanywaje, hatua kwa hatua?

Kazi ya kwanza ni kumtambua. Siku hizi hilo hufanywa kwa kusoma jenomu nzima, yaani herufi zote za urithi wake, na kuzilinganisha na za bakteria wanaojulikana. Zamani tuliangalia umbo kwenye darubini na sukari anazochachusha, na tulidanganywa mara nyingi. Baada ya kutambuliwa, nasaba huhifadhiwa kwenye benki ya vijidudu inayotambulika kimataifa na kupewa namba, ili miaka kumi baadaye mtu akileta malalamiko kuwe na cha kulinganisha nacho. Herufi DSM au ATCC mnazoziona mbele ya namba ni za benki hizo, moja ya Ujerumani na nyingine ya Marekani.

Jenomu hiyohiyo hupekuliwa kutafuta jeni za usugu dhidi ya antibiotiki na jeni za sumu. Kompyuta hutoa orodha, lakini orodha haitoshi: jeni inaweza kuwepo imelala, na usugu unaweza kuwepo bila jeni tunayoijua. Ndiyo maana bakteria huwekwa pia kwenye vichupa vyenye antibiotiki, kila kichupa kikali kuliko kilichotangulia, tukaona anakomea wapi kukua.

Kisha anaoteshwa juu ya sahani yenye damu. Akiyeyusha chembe nyekundu na kuacha duara angavu kumzunguka, maswali yanaanza. Kwa spishi zenye ndugu wanaotengeneza sumu, kama Bacillus, lazima sumu ipimwe moja kwa moja. Baada ya hapo tunamwangalia anachokitoa anapokula. Je, anatengeneza histamini au tiramini, zile zinazomletea mtu kichwa kuuma na kupanda kwa shinikizo? Je, asidi ya laktiki anayotoa ni ya umbo la D, ambayo mwili wa binadamu huisafisha polepole? Anafanya nini na chumvi za nyongo?

Mwisho kabisa ni watu. Madhara huandikwa wakati wa majaribio, na baada ya bidhaa kuingia sokoni ufuatiliaji unaendelea. Mfano ninaoupenda ni wa Finland: GG ilianza kuuzwa huko mwaka 1990 na watu wakainywa kwa wingi kila mwaka unaopita, watafiti wakapekua kumbukumbu za maambukizi ya damu nchini kote, wakakuta yale yanayosababishwa na bakteria wa kundi hilo hayakuongezeka. Nchi nzima inanywa, na kuna daftari la kitaifa la kuangalia. Sisi tuna wanywaji, daftari ndilo hatuna.

Bakteria ni mzuri. Kwa nini mnamsumbua na vipimo vya antibiotiki?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu linamlazimisha mtu aache kufikiri kwamba hatari ni kuugua tu.

Probiotiki haishi peke yake tumboni. Inapita katikati ya matrilioni ya bakteria wengine, na bakteria hupeana jeni kama majirani wanavyoazimana chumvi. Bakteria mpole kabisa, asiyemdhuru mtu, akiwa na jeni ya usugu inayohama, anaweza kumkabidhi bakteria mkorofi. Kwa hiyo tunauliza maswali mawili tofauti: je, ana usugu? Na je, usugu huo unaweza kuhama?

Lactobacillus wengi, kwa mfano, hawashtuki kwa vankomisini. Ukisoma matokeo hayo bila kuelewa unaweza kupiga yowe. Lakini sababu iko kwenye ukuta wa seli yao: mahali dawa hiyo inapotakiwa kushika pamejengwa kwa kitu kingine tangu asili. Ni umbile lao, liko ndani ya kromosomu, halina pa kwenda. Enterokoki, bakteria wengine wa utumboni, ni habari nyingine. Kwao usugu wa vankomisini mara nyingi uko kwenye kipande cha DNA kinachohama, na mwaka 2002 huko Michigan, Marekani, jeni ya namna hiyo ilikutwa tayari ndani ya *Staphylococcus aureus*, adui mkubwa wa wodi za upasuaji. Ndiyo sababu Enterokoki hawamo kwenye orodha ya Ulaya ya bakteria wanaodhaniwa kuwa salama, ingawa wapo kwenye jibini za kienyeji za karne nyingi.

Kisa cha kufundishia ni cha *Limosilactobacillus reuteri* ATCC 55730. Alitolewa kwenye maziwa ya mama mmoja wa Peru, akauzwa sana. Jenomu ilipochunguzwa alikutwa amebeba plasmidi mbili, vile viduara vidogo vya DNA vinavyoweza kuruka kutoka kwa bakteria mmoja hadi mwingine, moja ikiwa na jeni ya usugu wa tetrasaiklini na nyingine ya linkomisini. Hakuna mtu aliyekuwa ameumwa. Watengenezaji wangeweza kunyamaza. Badala yake plasmidi zote mbili ziliondolewa, na bakteria aliyebaki akapewa jina jipya, DSM 17938, ndiye anayeuzwa leo kwenye matone ya watoto wenye msokoto wa tumbo. Kwangu hiyo ni kazi safi. Tatizo lilishughulikiwa kabla halijapata mgonjwa.

Kuna pia kesi za katikati. *Bifidobacterium animalis* wa kwenye mtindi wa kibiashara karibu wote wana jeni ya usugu wa tetrasaiklini iitwayo tet(W), imekaa kwenye kromosomu, na majaribio ya kuihamisha maabara hayajafanikiwa. Wako kwenye soko na wanakubalika. Mimi nakubaliana na uamuzi huo, ila ningependa msindikaji anayewatumia awe anajua.

Babu zetu wamekunywa maziwa ya kibuyu vizazi na vizazi. Hiyo haitoshi kuwa ushahidi?

Ni ushahidi, na wazungu wenyewe wanautumia. Marekani, sheria ya 1958 ya viongeza vya chakula iliweka mlango wa vitu vinavyotambulika kwa ujumla kuwa salama, GRAS, na matumizi ya muda mrefu kabla ya 1958 ni njia mojawapo ya kuupita. Ulaya wanauliza kama chakula kililiwa kwa wingi kwenye nchi zao kabla ya tarehe 15 Mei 1997. Kama hakikuliwa kinaitwa chakula kipya na kinapimwa upya. Halafu Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, EFSA, tangu 2007 ina orodha yake iitwayo QPS. Spishi ikiwa inajulikana vizuri na haina historia mbaya, inaingia humo na nasaba zake hazirudii vipimo vyote. Lakini lazima kila moja ithibitishwe kuwa haibebi usugu unaohama. Kwa lugha ya mtaani: familia inajulikana, ila kijana mwenyewe tunamkagua mifuko.

Tabu ya historia ni kwamba inajibu maswali fulani tu. Inaona kinachoua haraka. Isichokiona ni ugonjwa unaokuja baada ya miaka thelathini, wala mtoto aliyekufa kwa kuhara ambaye hakuna aliyeuliza alikunywa nini.

Chukua suusac, maziwa ya ngamia ya kuchachusha ya kaskazini mwa Kenya na Somalia. Watafiti walipochunguza bakteria wake walitarajia wale wa kawaida wa mtindi. Wakakuta anayetawala mara nyingi ni *Streptococcus infantarius*, wa kundi ambalo ndugu zake wamehusishwa na maambukizi ya vali za moyo na saratani ya utumbo mpana. Nasaba za Afrika zimezoea maziwa kiasi kwamba zimepata jeni za kula laktosi zinazofanana na za bakteria wa mtindi. Je, zimeacha ukorofi wa ukoo wao? Mfugaji hawezi kulijibu hilo kwa kuonja. Sisemi suusac ni sumu, na msije mkanukuu hivyo. Nasema huwezi kuchota bakteria kwenye kibuyu hicho, ukamkausha, ukamuuza kwa kapsuli Nairobi kwa hoja kwamba Wasomali na Warendille wamemnywa siku zote.

Mursik ya Wakalenjin ni mfano wa namna nyingine. Maziwa hukaa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet, na ladha yake ni ya kipekee, mimi mwenyewe siikatai. Mwaka 2013 ilichapishwa kazi iliyopima asetaldehaidi, kemikali inayohusishwa na saratani, kwenye mursik ya magharibi mwa Kenya, eneo lenye saratani nyingi ya umio, na kuikuta kwa viwango vya kutia mashaka. Kule kuna watuhumiwa wengine pia, chai ya moto sana ikiwemo, kwa hiyo kesi haijafungwa. Lakini asetaldehaidi ni kitu wanachokitoa vijidudu wenyewe wanapochachusha. Ni swali la tathmini ya usalama moja kwa moja, na historia ya miaka mia isingelifichua.

Na asidhani mtu kwamba hili ni la Waafrika. Nissle 1917 niliyemtaja juu alitolewa na daktari Alfred Nissle kwa askari wa Vita Kuu ya Kwanza ambaye hakupata kuhara wakati wenzake wanaugua. Karibu miaka tisini baadaye iligundulika kwamba bakteria huyo amebeba fungu la jeni za kutengeneza kolibaktini, kitu kinachoharibu DNA ya seli. Wanasayansi bado wanabishana juu ya maana yake kwa mtumiaji.

Ni nani asiyepaswa kutumia?

Mtu mzima mwenye afya, kwa nasaba zilizozoeleka, hana la kuogopa sana. Orodha ya wanaopaswa kuuliza daktari kwanza ni fupi lakini nzito: aliye mahututi, mwenye mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu, mwenye kinga iliyoshushwa na tibakemikali au dawa za baada ya kupandikizwa kiungo, mwenye vali bandia ya moyo, aliyekatwa sehemu kubwa ya utumbo, na mtoto njiti.

Nchini Uholanzi wagonjwa wa uvimbe mkali wa kongosho walipewa mchanganyiko wa nasaba sita kupitia mpira wa kulishia, kwa nia njema kabisa ya kuzuia maambukizi. Matokeo yalichapishwa 2008. Katika 152 waliopewa probiotiki walikufa 24. Katika 144 waliopewa unga usio na bakteria walikufa 9. Tisa katika kundi la kwanza utumbo wao ulikosa damu; katika kundi la pili, hakuna hata mmoja. Nasaba zile zilikuwa za kawaida, zenye sifa nzuri. Kilichobadilika ni tumbo walilomwagwa ndani yake. Tangu nisome kazi hiyo, neno "salama" bila kutaja ni kwa nani linanikereketa.

*Saccharomyces boulardii*, anayeuzwa sana kwenye maduka yetu ya dawa kwa ajili ya kuhara, si bakteria, ni hamira. Kwa mgonjwa mwenye mpira kwenye mshipa mkubwa anaweza kuingia kwenye damu, wakati mwingine kwa vumbi tu la kapsuli iliyofunguliwa karibu na kitanda. Ulaya sasa imekataza apewe wagonjwa mahututi na wenye kinga dhaifu. Wauguzi, kama ni lazima kufungua kapsuli hizo, msizifungulie wodini.

Mwanangu mchanga je?

Inategemea mchanga wa aina gani. Huko Odisha, India, watoto 4,556 waliozaliwa wakiwa na angalau kilo 2 walishirikishwa kwenye jaribio. Nusu walipewa nasaba moja ya *Lactiplantibacillus plantarum* pamoja na sukari ya kumlisha bakteria huyo, kwa siku saba. Maambukizi ya damu na vifo kwa pamoja vilishuka kutoka asilimia 9 hadi 5.4. Hayo ni matokeo ya 2017, na ni makubwa. Lakini mwaka 2023 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaandikia madaktari kuwaonya: mtoto njiti aliyezaliwa chini ya gramu 1,000 alipewa bidhaa yenye *Bifidobacterium longum*, akapata maambukizi ya damu, akafa, na bakteria wa kwenye damu yake alilingana kwa jenomu na yule wa kwenye bidhaa.

Mama aliyejifungua kwa miezi kamili na mama wa njiti wakiniuliza swali moja, siwapi jibu moja. Na kwa njiti jibu langu ni kwamba asipewe chochote nje ya uamuzi wa daktari anayemtibu.

Anayeishi na VVU?

Hapa tuna historia ya nyumbani. Tangu miaka ya 2000 mwanzoni, akina mama wa Mabatini, Mwanza, wamekuwa wakitengeneza mtindi uitwao Fiti wenye *Lacticaseibacillus rhamnosus* GR-1, kwa ushirikiano na NIMR Mwanza, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na chuo kikuu cha London, Ontario, mji uleule ulikoandikwa mwongozo wa 2002. Gregor Reid, aliyeongoza jopo la wataalamu wa FAO na WHO, ndiye huyohuyo mwenye GR-1. Wengi walioula mtindi huo walikuwa wanaishi na VVU. Katika jaribio la kapsuli za GR-1 na mwenzake kwa wanawake wenye VVU, bakteria walivumilika vizuri. CD4, zile chembe za kinga, kwa upande mwingine, hazikupanda kuliko za waliopewa kapsuli tupu. Kwa hiyo mtu anayemeza ARV vizuri na afya yake iko imara anaweza kula mtindi kama chakula. Akikuambia muuzaji kwamba unaongeza CD4, mwache aondoke na bidhaa yake.

Mimi nasindika mtindi. Naweza kutumia mtindi wa jana kama mbegu ya leo?

Kwa mtindi wa kawaida, siku chache, watu wanafanya. Kwa bidhaa iliyoandikwa probiotiki, hapana. Kila unaporudia, bakteria wanaokua haraka wanawazidi wanaokua taratibu, na probiotiki mara nyingi ni hao wa taratibu. GG peke yake hata hachachushi maziwa vizuri, kwa sababu hawezi kula laktosi. Baada ya mizunguko kadhaa lebo inasema GG, ndani hayupo. Isitoshe kila mzunguko ni nafasi ya hamira za porini na vijidudu vya mikono kuingia.

Wenzetu wa Yoba-for-Life, wanaofanya kazi Uganda na hapa jirani, wamelitatua hilo kwa pakiti ndogo iliyokaushwa yenye nasaba ile ya GG, ambayo hataza yake imeshakwisha, pamoja na *Streptococcus thermophilus* anayekula laktosi kwa niaba ya mwenzake. Gramu moja inachachusha lita 100 za maziwa. Unaanza na pakiti mpya kila siku, na unajua umeweka nini.

Mengine yanayowaangusha wasindikaji hayana hata uhusiano na probiotiki. Maziwa yasiyochemshwa yanaleta brusela na kifua kikuu cha ng'ombe, na mtindi hauwaui kwa uhakika. Sumukuvu iliyotoka kwenye mashudu yenye ukungu inabaki kwenye maziwa hata ukichemsha, hata ukichachusha. Dada mmoja alinijia na faili nene la jenomu ya mbegu yake kutoka ng'ambo, limepigwa mihuri yote. Maziwa yake yalikuwa yanakuja kwenye ndoo zilizokuwa na rangi ya kupaka nyumba. Tulianzia kwenye ndoo.

Nimdai nini anayeniuzia mbegu?

Jina kamili hadi nasaba, na namba ya benki ya vijidudu. Barua inayoonyesha jenomu imesomwa na usugu umepimwa kwa kiwango cha ISO 10932. Cheti cha shehena ileile unayonunua, kinachoonyesha hakuna Salmonela, koliformu wala kuvu. Idadi ya bakteria hai siku ya mwisho ya matumizi, si siku ya kiwandani. Kwa mizani: viwango vya Codex, vile vya kimataifa vya chakula, kwa maziwa ya kuchachusha vinataka bakteria wa mbegu wasipungue milioni 10 kwa gramu, na yeyote wa ziada unayemtaja kwenye lebo asipungue milioni 1, mpaka bidhaa inapoisha muda wake.

Muuzaji akisema "hiyo ni siri ya kampuni", nasaba si siri. Fomula ya kukaushia, sawa.

Kuvu kwenye probiotiki? Hilo hutokea?

Limetokea. Mwaka 2014, Connecticut, Marekani, mtoto njiti alikufa kwa kuvu aina ya Rhizopus aliyekuwa ndani ya unga wa probiotiki aliopewa hospitalini. Bakteria walioandikwa kwenye lebo hawakuwa na kosa lolote.

Tumbo langu linajaa gesi tangu nianze. Ni hatari?

Kwa kawaida hapana, na huisha ndani ya siku chache. Homa, baridi ya mwili au kuchanganyikiwa ni jambo jingine, nenda hospitali.

Bakteria waliokufa si ndio salama zaidi?

Hawawezi kuota kwenye damu wala kugawa jeni kirahisi, kwa hiyo hatari fulani zinaondoka. Mwaka 2021 EFSA ilisema *Akkermansia muciniphila* aliyepashwa moto ni salama kama chakula kipya kwa watu wazima, isipokuwa wajawazito na wanaonyonyesha, kwa kiwango kisichozidi seli bilioni 34 kwa siku. Lakini kwa maelezo ya Córdoba huyo si probiotiki tena, maana si hai.

Panya walimaliza jaribio wazima. Hiyo inatosha?

Haitoshi. Panya ni wa kuonyesha sumu kali na uwezo wa kuambukiza mwenye kinga dhaifu. Anaweza kunywa mabilioni asitetemeke, na hawezi kukuambia kichwa kinamuuma.

Kwetu nani anaidhinisha?

Tanzania, tangu 2019, chakula kiko chini ya TBS, shirika la viwango, na dawa ziko chini ya TMDA, mamlaka ya dawa iliyotokana na TFDA ya zamani. Kenya ni KEBS, shirika lao la viwango, kwa chakula na Bodi ya Famasia na Sumu kwa dawa. Mpaka kati ya viwili hivyo ndipo probiotiki inapopotelea: mtindi ni chakula, kapsuli inayodai kutibu ni dawa, na unga wa kuchanganya kwenye uji unategemea kilichoandikwa kwenye lebo. Ukiandika "inatibu" umejipeleka mwenyewe dirisha la pili. Ninawashauri wasindikaji waende dirishani na lebo mkononi kabla hawajaichapa, kwa sababu kuchapa lebo upya kumeua biashara nyingi kuliko bakteria.

Nikipata madhara nifanye nini?

Acha kutumia, na usitupe pakiti. Nenda nayo kwa daktari ikiwa na namba ya shehena, na umwambie unatumia probiotiki hata kama hakuuliza, kwa sababu maabara za hospitali mara nyingi zikiona Lactobacillus kwenye damu huandika kwamba ni uchafu wa sampuli na kutupa. Omba wamhifadhi bakteria huyo. Akiwekwa kando ya yule wa kwenye pakiti na jenomu zote mbili zikasomwa, jibu linapatikana. Akitupwa tunabaki na neno lako dhidi ya la muuzaji.